Mwaka Ford Ilipokosa Mtetezi

Huko Wexel, Nebraska, mtu hawezi kuficha mambo mawili: kanisa analosali na pikapu anayoendesha. La kwanza watu humvumilia. La pili humfuata mpaka kaburini, na anayebisha aende makaburi ya Wakatoliki, mstari wa tatu, akaone Ford ya mwaka sabini na tatu imechongwa juu ya jiwe, na jina la mke wa marehemu limebanwa chini pembeni kama abiria aliyechelewa. Wanasema hata mbwa wa mji ule wana upande, kwamba mbwa wa nyumba ya Ford hainui mguu ila kwenye tairi la Chevy, mpinzani wa Ford. Hilo la mbwa huenda limetiwa chumvi. La kaburi ni kweli tupu.

Kwa hiyo Verlin Sorensen alipotoka duka la ushirika Jumanne moja ya Novemba, akapanda Chevy ya shemeji yake na kuondoka nayo, habari ilifika nyumbani kwake kabla yeye hajafika.

Mkewe, Arlys, alikuwa akimenya viazi simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa mdogo wake, Gaylen Pospisil, na kicheko kilikuwa kimembana hata maneno hayatoki. Nyuma yake zilisikika sauti za wazee wote wanaokutana pale ushirika kwenye meza ya kahawa, kila mmoja anamwambia mwenzake kitu ambacho wote wamekiona.

"Dada, mumeo ameokoka," Gaylen alisema. "Miaka arobaini namhubiria, leo kaongoka mwenyewe. Kaondoka na Chevy yangu, kaniachia hili Ford lake. Mwambie nimemsamehe, ila sitaliendesha. Watu wataniona."

Arlys alicheka naye. Wexel funguo hukaa kwenye swichi mwaka mzima, magari yote hayana kufuli kama makanisa ya zamani, na mizaha ya namna hiyo haikuwa migeni. Verlin mwenyewe aliwahi kulipeleka gari la Gaylen mpaka uwanja wa mnada na kulibandika bei ya dola kumi. Arlys akakausha mikono, akasimama dirishani kumngoja mcheshi wake.

Chevy ya kijivu iliingia uani. Verlin akaiegesha bandani, mahali pa Ford, akaisogeza mbele kidogo na nyuma kidogo mpaka ikakaa sawa. Akashuka. Akavuta mkono wa koti ukafunika kiganja, akafuta tope juu ya tairi la mbele, polepole, kama alivyofanya kila siku tangu Arlys amjue. Kisha akabeba mfuko wa chakula cha mbwa begani, akaingia jikoni, akaketi kuvua viatu.

Arlys akangoja. Verlin alipokuwa na mzaha, mdomo wake wa chini ulijikunja upande mmoja. Ndoa yao yote Arlys alikuwa akiusoma mdomo ule kama watu wengine wanavyosoma mawingu. Leo mdomo ulikuwa umelala.

"Siti imeanza kulegea," Verlin alisema. "Itabidi nimwone fundi."

Maji ya viazi yalichemka yakamwagika juu ya jiko, naye Arlys hakuyaondoa. Alirudi kwenye simu, akampigia mdogo wake, akamwambia kwamba shemeji yake alikuwa amepanga jambo hilo tangu Jumapili, kwamba alitaka kuonja kama Chevy ni tamu kama inavyosifiwa, na kwamba amerudi anasema siti imelegea. Gaylen alipiga kelele ya furaha mpaka Arlys akaiweka simu mbali na sikio. Mpaka jioni mji mzima ulikuwa na kisa hicho. Uongo mmoja tu, na Verlin amekuwa shujaa wa Wexel.

Chevy aliirudisha Arlys mwenyewe. Ilibidi asogeze siti mbele, na haikuwa imelegea hata kidogo.


Watani wana siku yao, na siku ya Verlin na Gaylen ilikuwa Januari. Mwanzo wa mwezi huo kampuni hutangaza idadi ya pikapu zilizouzwa mwaka uliopita, na meza ya kahawa ya ushirika hukaa kama baraza. Verlin alikuwa wakili wa Ford. Gaylen alikuwa wakili wa Chevy. Ford ikihesabiwa peke yake na Chevy peke yake, Ford hushinda. Lakini Gaylen kila mwaka aliingia na hoja ileile: kwamba GMC na Chevy zimetoka kiwanda kimoja, chuma kimoja, zinatofautiana uso tu, kwa hiyo ni mapacha na wajumlishwe. Wakijumlishwa, Ford huweza kuanguka. Hapo ndipo vita vilipokuwa. Aliyeshindwa alivaa kofia ya mwenzake wiki nzima, na kanisani pia.

Wengi walikuja kusikia jibu la Verlin tu. Alilitoa kila mwaka kwa maneno yaleyale, nao walilicheka kila mwaka kana kwamba limezaliwa asubuhi hiyo.

Krismasi alikuja binti yao, Janelle, kutoka mji wa Lincoln. Alikaa siku tatu. Siku ya kwanza aliona mchubuko mrefu ubavuni mwa Ford, rangi ya nguzo ya lango imeingia ndani yake. Siku ya pili baba yake alimwuliza mara mbili kazi ya mumewe, akasikiliza jibu mara mbili kwa adabu ileile. Siku ya tatu Janelle alifunga mlango wa chumba cha kufulia nguo, akiwa ndani na mama yake, akasema yote kwa pumzi moja: kwamba Lincoln kuna nyumba ya wazee wenye maradhi ya kusahau kama baba, safi, kuna nafasi, kwamba hata kama haendi leo, ufunguo wa gari utoke leo, kwamba siku moja atamgonga mtoto wa mtu, na mama atasema nini.

Arlys alijua kila neno ni kweli. Akaomba tu. Aliomba Januari. Akasema kwamba baba akiweza kukaa mezani siku ya hesabu akajibu kama Verlin, basi ufunguo ubaki hadi msimu wa kupanda. Asipoweza, yeye Arlys ataung'oa kwa mkono wake mwenyewe, na Lincoln itazungumzwa.

"Mama, huo ni mtihani wa pikapu," Janelle alisema.

"Ndio anaoujua."


Wakaanza kusoma. Kila baada ya chai ya asubuhi Arlys aliondoa vyombo, akaweka mezani karatasi ya hesabu za mwaka uliotangulia, akawa mwalimu. Ford, laki saba na ushei. Chevy, laki tano na nusu. GMC, karibu laki tatu. Verlin alikuwa akizijua hesabu za kila mwaka tangu mwaka sabini na saba, kwa kichwa, pamoja na mwaka ambao mvua ya mawe iliharibu mahindi ya wilaya nzima na Ford ikauza vilevile. Sasa alifuata mistari kwa kidole.

"Gaylen akisema jumlisha mapacha, unamwambiaje?" Arlys aliuliza.

"Namwambia hapana."

"Ndiyo, lakini unamwambiaje?"

Verlin alimtazama kwa macho ya mtu anayeombwa noti wakati ana sarafu. Arlys akamsaidia: "Ukitaka kuhesabu mapacha..."

"Ukitaka kuhesabu mapacha," alisema Verlin, na hapo njia ikakatika.

Kuna siku alifika nusu. Kuna siku alikasirika, akasema yeye si mtoto wa shule, akatoka nje bila kofia kwenye baridi ya kupasua kucha, na Arlys akamfuata na koti. Alhamisi moja, anapakaa siagi kwenye mkate, bila kuulizwa, alisema kwa sauti yake ya zamani: "Ukitaka kuhesabu mapacha, shemeji, kwanza mwambie mama yao awape jina moja." Na mdomo wa chini ukajikunja. Arlys aligeukia jiko, akakoroga sufuria isiyokuwa na kitu, mpaka aweze kugeuka tena.

Jioni hiyo alimpigia Janelle akamwambia baba anaendelea vizuri. Aliandika jibu lile kwa herufi kubwa kwenye kadi, akalitia mfuko wa shati la Verlin, upande wa moyo.


Siku yenyewe, pikapu zilijipanga mbele ya ushirika, zimechomekwa waya za kupashia injini joto kwenye ukuta kama ng'ombe waliofungwa horini. Arlys ndiye aliyeendesha, akasingizia kwamba anahitaji mtama wa ndege. Wanawake hawakuketi meza ile. Akasimama kwenye rafu za mbegu, hatua sita kutoka mezani, akawa anasoma kifuko kimoja kwa muda ambao angesoma Agano Jipya lote.

Meza ilijaa. Mzee Lumir Kucera, aliyekuwa mwamuzi kwa sababu mwanawe alimnunulia gari la Kijapani na hakuna upande uliomtaka, alikuwa ameleta kolache, vimkate vitamu vyenye jemu ya plamu katikati. Walimpokea Verlin kwa makofi, mwizi wa Novemba. Mmoja akamwambia achunge asikosee gari tena wakati wa kutoka. Verlin alicheka wote walipocheka, akaacha walipoacha. Mpaka hapo Arlys aliweza kupumua.

Lumir akasoma hesabu. Ford, watu wake wakagonga meza. Chevy, wa upande huo wakazomewa. Kisha Gaylen akasimama, akavuta suruali juu ya tumbo, akakohoa kusafisha koo. Alikuwa na miaka sabini na uso wa mtoto anayekaribia kupewa zawadi.

"Waheshimiwa," alisema, "mnajua la kufanya. GMC na Chevy ni tumbo moja. Jumlisha mapacha. Shemeji, sema unalotaka kusema, nimejiandaa."

Wote wakamgeukia Verlin. Wengine walikuwa wameshafungua midomo kwa ajili ya kicheko. Arlys aliona mkono wa mumewe ukipanda kwenye mfuko wa shati, ukaigusa kadi, ukaishika kidogo kama mtu anayepapasa kifungo, ukashuka.

"Jumlisheni," Verlin alisema kwa upole. "Kama ni watoto wa mama mmoja, si vizuri kuwatenga."

Mtu mmoja alicheka, akajikuta yuko peke yake. Lumir aliangalia karatasi yake, akasema basi, kama upande wa Ford umekubali, Chevy imeshinda, mara ya kwanza katika baraza hili. Hakuna aliyepiga meza. Lumir akatoa kofia ya Chevy, akampa Verlin, naye Verlin akaipokea kwa mikono miwili, akaivaa, akashukuru.

Gaylen alikuwa bado amesimama. "Usinifanyie hivyo," alisema. "Verlin. Nitukane kidogo."

"Kwa nini nikutukane?" Verlin alisema. "Gari lako nimeliona hapo nje, ni zuri." Akamwangalia vizuri, akiinamisha kichwa. "Wewe ni wa kwa Pospisil, sivyo? Una pua yao. Mimi nina mchumba pale kwa Pospisil. Anaitwa Arlys. Unamfahamu?"

Kifuko cha mtama hakikumponyoka Arlys. Alikirudisha kwenye rafu, akakinyoosha kikae sawa na vingine, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Wanaume wa meza ile, ambao walikuwa wamezika wazazi na kuuza mashamba bila kutoa chozi mbele ya mtu, kila mmoja alikuwa amepata kitu cha kutazama ndani ya kikombe chake.

Ndipo Gaylen alipofanya jambo ambalo Wexel bado haijui ilitie kwenye hadithi za kuchekesha au iliache. Alinyoosha mkono, akamvua shemeji yake kofia ile taratibu, akamlaza nywele zilizosimama.

"Hesabu imekosewa," alimwambia Lumir. Sauti yake ilikuwa kali. "Mapacha hawajumlishwi. Anayetaka kuwahesabu pamoja, kwanza amwambie mama yao awape jina moja. Ford imeshinda. Andika."

"Gaylen, wewe ndiye..."

"Nimesema andika."

Verlin alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyesikia neno la busara kutoka kwa mgeni, akanyoosha mkono kuchukua kolache.


Nje, Gaylen alimkuta dada yake kando ya ukuta, anachomoa waya wa Ford kwa vidole visivyoshika. Hakumsaidia. Alimwuliza tangu lini. Arlys akasema tangu masika labda, au kabla. Akamwuliza na Novemba je, lile la gari. Arlys akaukunja waya polepole, na hilo likawa jibu.

"Kisa kile nimekisimulia kanisani," Gaylen alisema. "Nimekisimulia kwenye harusi ya mtoto wa Lumir, kwenye kipaza sauti, watu mia mbili. Nimemwiga anavyopanda. Ulikuwa umekaa pale, dada. Ulikuwa unacheka."

"Nilitaka wamcheke kwa jambo alilofanya," Arlys alisema, "wasimwonee huruma kwa jambo lililompata."

"Na mimi? Mimi pia ni mmoja wao?"

Arlys alitaka kumwambia kwamba kati ya watu wote, hofu yake kubwa ilikuwa Gaylen ajue. Janelle angeleta madaktari, mji ungeleta sufuria za chakula, hayo yangestahimilika. Lakini Gaylen akijua, utani ungekufa, na Verlin aliyekuwa ndani ya utani ule ndiye aliyekuwa amebaki mzima kuliko Verlin mwingine yeyote. Hilo lilikuwa refu mno kusemwa kwenye upepo. Akasema tu kwamba usiku huo atampigia Janelle, na kwamba ufunguo utatoka.

Gaylen alijipangusa pua kwa glovu. Alisema Lincoln si kesho. Alisema mtu kunywa kahawa hakuhitaji leseni. Asubuhi atakuja kumchukua yeye mwenyewe, na kila asubuhi, na asiyetaka kumwona Verlin mezani ahame mezani.

"Na gari lako?" Arlys aliuliza. "Hajawahi kukubali kukaa humo na wewe. Hata siku ya mazishi ya mama alitembea."

"Ndiyo," Gaylen alisema, na kwa mara ya kwanza tangu atoke mezani uso wake ukapata uhai. "Atakataa. Atanisumbua sana. Nitamwingiza kwa nguvu."


Asubuhi, kabla Verlin hajaamka, Arlys alikwenda bandani na tochi. Ufunguo ulikuwa umekaa kwenye swichi miaka kumi na moja na ulikuwa umeganda kwa baridi ya usiku. Ilibidi aupulizie pumzi, kisha aupinde huku na huku mpaka ukaachia. Ulikuwa mdogo kuliko alivyofikiri. Akautia kwenye mfuko wa aproni, akarudi ndani, akaandaa uongo: kwamba gari liko kwa fundi, lile tatizo la siti. Aliurudia akikaanga mayai ili utoke bila kutetemeka.

Verlin alikula, akavaa viatu, akavaa koti. Alisimama mlangoni, akatazama uani. Arlys akafungua mdomo. Verlin alikuwa anatazama ndege kwenye waya. Hakuuliza gari, hakuuliza ufunguo. Uongo ukabaki mdomoni mwa Arlys bila kazi, kama chakula cha mgeni ambaye hakuja.

Chevy ya kijivu ilipoingia, aliona Gaylen amejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye mashindano. Alikuwa ameiosha katika baridi ile, na bado barafu ilikuwa imeshika kwenye vioo. Akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa abiria kwa madaha mengi, akasimama kando yake na mkono kiunoni.

"Haya, mtu wa Ford," alimwita kwa sauti ya kusikika kwa majirani. "Leo utapanda gari la wanaume. Najua hutaki. Najua utasema heri utembee. Sema basi tumalize."

Verlin alishuka ngazi, akishika reli yake kwa uangalifu. Alifika kwenye mlango uliofunguliwa. Alisimama, na Arlys, kutoka jikoni, akaona mgongo wake umenyooka kidogo, akajikuta ameshika ukingo wa sinki kwa mikono yote miwili. Kataa, alisema moyoni. Mungu akikupa neno moja leo, kataa.

Verlin alishika mpini, akajivuta juu, akaketi. Akavuta mkanda, akautafutia tundu, Gaylen akamsaidia kuufunga. Mlango ukafungwa.

Gaylen hakuzunguka kwenda kwenye usukani. Alitembea mpaka nyuma ya gari, akaweka mikono yote miwili juu ya bodi, akainamisha kichwa, na moshi wa gari ukawa unapanda ukimfunika mpaka kifuani.  Kisha akaja mpaka mlango wa jikoni, theluji imemshika viatuni, akasimama nje ya kizingiti kama mtu asiye wa nyumba ile.

"Amesema asante, dada," alisema. "Kaniambia, asante, kijana."

Arlys alimtazama mdogo wake, mzee huyu wa miaka sabini, kisha akatazama nyuma yake. Kule kwenye gari Verlin alikuwa amekaa mikono juu ya magoti, anatazama mbele, anangoja kwa subira apelekwe popote atakapopelekwa.

"Mpeleke," Arlys alisema. "Usiache apate baridi."